Nyonga inamaliza vipaji Ifakara, sisi tunaendelea kuchua

Hapa Ifakara kuna jeraha moja la mpira lenye majina mengi. Wengine wanaliita nyonga, wengine kinena, wengine wanasema nyama zimevutika, wazee wanasema mshipa, na hao wote wakishindwa utasikia dogo katupiwa kitu. Liite utakavyo, mwisho wake unafanana. Winga aliyekuwa anawakimbiza mabeki misimu miwili iliyopita, leo amekaa juu ya pikipiki yake pembeni ya uwanja, anaangalia mechi huku anasubiri abiria. Ana miaka 23.

Muulize ilikuwaje, atakwambia hajui. Hakuchezewa rafu. Hakuanguka. Ilianza kama kukaza tu upande wa ndani wa paja, akipiga pasi ndefu anasikia kama kuna uzi unavutwa. Akachuliwa, akacheza. Akapakwa dawa ya misuli, akacheza. Siku ya nusu fainali akachomwa sindano ya maumivu, akacheza, timu ikashinda, watu wakambeba mabegani. Baada ya hapo krosi zikaisha. Hata kujigeuza kitandani ikawa kazi.

Simulizi hii nimeisikia kwenye viwanja vya bonde hili kuanzia Mang'ula mpaka Mlimba, na ng'ambo ya daraja kule Lupiro, mara nyingi kiasi kwamba naweza kuimalizia kabla msimuliaji hajafika katikati. Watu wanaiita bahati mbaya. Mimi nakataa. Bahati mbaya haiwezi kuwa na mazoea ya namna hii. Tunachokosa ni maandalizi ya nyonga, na kinachoniuma zaidi ni kwamba maandalizi yenyewe hayana gharama.

Naomba nianzie mbali kidogo, kwenye farasi. Ndiyo, farasi, msicheke.

Bonde la Kilombero halijawahi kuwa nchi ya farasi. Mbung'o walihakikisha hilo, maana nagana wanayoieneza humwangusha farasi haraka. Lakini kwa wenzetu wanaopanda wanyama hao, kitu kinachomtofautisha fundi na mwanafunzi ni mkao. Mwanafunzi ananing'inia kwenye hatamu kwa mikono. Fundi amekaa kwa nyonga: nyama za ndani ya paja zinashika ubavu wa farasi bila kubana kupita kiasi, makalio yanamtuliza, na kiuno kinafuata mwendo wa mnyama badala ya kupigana nao. Ndiyo maana wapanda farasi wenye akili hawategemei farasi peke yake kuwajenga. Wanashuka, wanalala chini, wanafanya mazoezi ya nyonga kama mtu yeyote. Zamani huko Ulaya, karne ya 19, kuvutika kwa msuli wa ndani ya paja kulijulikana kabisa kama jeraha la wapanda farasi.

Msuli huo huo ndio uliomtoa winga wetu uwanjani.

Sasa wewe niambie, Ifakara nani anashinda juu ya tandiko? Bodaboda. Angalia kikosi cha timu yoyote ya mtaani hapa, hesabu wangapi wanaendesha pikipiki au wanasukuma baiskeli za mizigo. Kijana anapanda pikipiki saa 12 asubuhi, anabeba abiria wawili na gunia la mchele juu ya barabara ya vumbi, magoti yamebana tangi, nyonga imekunjwa siku nzima, kila shimo linapita kiunoni kwake. Saa 10 jioni anaegesha, anavua koti, anavaa njumu. Saa 10 na robo anapiga krosi ya kwanza kwa nguvu zote. Mazoezi ya viungo? Amezungusha kiuno mara tatu, akashika vidole vya miguu, akaruka mara mbili. Tayari.

Asiye bodaboda katoka shambani. Kupandikiza mpunga ni kuinama kutwa nzima ndani ya tope. Kuvuna ni kuinama. Hao nao wanafika uwanjani wakiwa na nyonga iliyokakamaa, halafu uwanja wenyewe masika ni utelezi na kiangazi ni udongo uliopasuka nyufa. Ukiteleza, mguu unakwenda nje, na kitu pekee kinachouzuia usiendelee kwenda ni hizo nyama za ndani ya paja.

Tuzielewe kidogo hizi nyama kabla hatujaendelea. Ziko tano upande wa ndani wa paja, zote zinaanzia kwenye mfupa wa kinena na kushuka, nyingi zikishika mfupa wa paja na moja ikipita mpaka chini ya goti. Kazi yake ni kuvuta mguu urudi katikati ya mwili. Mpira wote uko hapo: pasi ya ndani ya mguu, kubadili mwelekeo, kunyoosha mguu kukata pasi, kupiga shuti. Fikiria unavyopiga shuti. Mguu unarudi nyuma kabisa, nyama za mbele ya nyonga na za ndani ya paja zinavutwa hadi mwisho, na papo hapo ubongo unaziamuru ziuvute mguu uje mbele kwa kasi. Zinavutwa huku zinavuta. Hapo ndipo zinapochanika kama hazina nguvu. Mtu ataona shuti limekwenda juu ya goli, kumbe kuna kitu kimekatika chini.

Na usidhani ni shida ya mchangani tu. Utafiti uliofuatilia klabu kubwa za Ulaya zinazocheza mashindano ya UEFA ulionyesha kwamba kila msimu majeruhi ya nyonga na kinena ni kati ya asilimia 12 na 16 ya majeruhi yote. Hao wana madaktari, nyasi za zulia na magari ya kuwapeleka mazoezini. Kwetu hapa nyumbani, Aishi Manula, mzaliwa wa mkoa huu huu wa Morogoro, aliumia nyonga Aprili 2023 akiwa kipa namba moja wa Simba. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Wydad akadaka Ally Salim. Manula akafanyiwa upasuaji nje ya nchi. Agosti mwaka huo, Ally Salim huyo huyo akapangua penalti tatu za Yanga pale Mkwakwani kwenye Ngao ya Jamii, na Manula aliporudi langoni kwenye dabi ya Novemba 5 Simba ikafungwa 5-1. Mashabiki wa Yanga najua mnacheka hapo. Hoja yangu siyo mabao. Hoja ni kwamba kipa wa taifa, mwenye klabu tajiri nyuma yake, nyonga ilimweka nje kwa zaidi ya nusu mwaka. Sasa beki wa timu ya kata, ambaye hospitali yake ya kwanza ni mkandaji, atakaa nje kwa muda gani?

Wengi hawarudi kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye kurasa za michezo huwa hatuliandiki kwa sababu linatia aibu, na leo nataka niliseme wazi. Jeraha hili liko sehemu mbaya. Ukiumia goti unamwonyesha kila mtu. Ukiumia enka unachechemea mtaani na watu wanakupa pole. Ukiumia kinena utamwonyesha nani? Kijana wa miaka 19 hawezi kumwambia mama yake. Kocha akimuuliza, anasema ni paja. Akitembea kwa kutanua miguu kidogo, vijiweni wanaanza: huyo ana ngiri, huyo ana gonjwa la zinaa, huyo kachukua mke wa mtu akawekewa kitu. Kwa hiyo ananyamaza, anameza vidonge vya maumivu vya dukani, anacheza. Kwa wachezaji wa kike ni aibu mara mbili, kwa sababu mara nyingi kocha ni mwanaume na hakuna dada yeyote kwenye benchi wa kumweleza.

Ngiri ipo, na ni kweli maumivu ya kinena yanaweza kuwa ngiri, au tatizo la kiungo chenyewe cha nyonga, au la mkojo. Ndiyo maana mwenye uvimbe, homa, au maumivu yasiyotulia hata akiwa amelala, aende hospitali, na Ifakara hatuna kisingizio, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ipo mjini. Mwaka 2014 wataalamu walikutana Doha, kule Qatar, wakakubaliana namna ya kuyagawa maumivu haya, kwa sababu hata wao walikuwa kila mmoja anayaita kwa jina lake. Kama maprofesa walihitaji kikao, wazee wetu wa mshipa wasamehewe. Lakini kundi la kwanza kwenye orodha yao lilikuwa lile la nyama za ndani ya paja, na hilo ndilo linalowaandama zaidi wachezaji wa mpira. Na hilo lina dawa.

Dawa yenyewe ilipatikana muda mrefu. Mwaka 1999, daktari mmoja wa Denmark, Per Hölmich, na wenzake walichukua wanamichezo 68 waliokuwa na maumivu sugu ya kinena. Wakawagawa mafungu mawili. Fungu moja likapewa matibabu ya kulala kitandani: kuchuliwa, mashine za umeme, kunyooshwa. Fungu la pili likapewa mazoezi ya nguvu ya nyonga na kiuno kwa wiki 8 hadi 12. Kwenye fungu la mazoezi, watu 23 walirudi michezoni bila maumivu. Kwenye fungu la kuchuliwa, wanne.

Soma tena hapo. Ishirini na tatu kwa wanne. Ingekuwa mechi tungesema refa amalize tu watu waende nyumbani. Na sisi mpaka leo tumeng'ang'ania upande uliofungwa.

Zoezi la kwanza kwenye programu ile lilikuwa nini? Mashine? Hapana. Unalala chali, unaweka mpira wa miguu katikati ya nyayo, miguu imenyooka, unaubana kwa sekunde 30. Unapumzika. Unarudia mara 10. Kisha unakunja magoti, unaweka mpira katikati ya magoti, unabana hivyo hivyo. Basi. Mpira wa miguu, kitu ambacho hata timu maskini kuliko zote bondeni inacho, la sivyo isingekuwa timu.

Hiyo ni kwa aliyeumia. Kwa ambaye hajaumia habari ni nzuri zaidi. Kuna zoezi linalobeba jina la jiji la Copenhagen, na halihitaji chochote zaidi ya rafiki. Unalala ubavu, umeegemea kiwiko. Rafiki anasimama nyuma yako, anaushika mguu wako wa juu, mkono mmoja chini ya goti na mwingine kwenye kifundo, anauinua usawa wa kiuno chake. Wewe unanyanyua mwili kwa kuukandamiza mguu huo mikononi mwake, na ule wa chini unaupandisha ukutane na wa juu. Unashuka polepole, hesabu tatu. Ukifanya mara nane kwa mara ya kwanza utanichukia, na kesho yake ukipanda pikipiki utanichukia tena. Ndiyo maana unaanza kidogo. Aliye dhaifu anaanza kwa kulala ubavu na kuinua mguu wa chini peke yake, anayefuata anashikwa kwenye goti badala ya kifundo, mwisho ndiyo linakuja lenyewe kamili.

Wanorwe walilijaribu. Timu 35 za wanaume wasiokuwa mastaa, wachezaji zaidi ya 600, nusu wakafanya zoezi hilo na nusu wakaendelea na maisha yao. Mara tatu kwa wiki kwenye maandalizi ya msimu, kwa wiki 6 hadi 8, halafu mara moja tu kwa wiki ligi ikianza. Matokeo yalitoka mwaka 2019: hatari ya matatizo ya kinena ilishuka kwa asilimia 41. Zoezi moja.

Najua kuna mtu atasema hao ni Wazungu, wana maziwa na nyama. Haya, twende Lagos. Mwaka 2014 Wanigeria walichapisha utafiti wao kwenye ligi ya vijana wa jiji hilo, umri wa miaka 14 mpaka 19, timu 20. Walitumia programu ya kupasha misuli ya FIFA inayoitwa 11+. Ni dakika 20: kukimbia kidogo, mazoezi ya nguvu na kusimama kwa mguu mmoja, kisha kukimbia tena. Majeruhi kwa jumla wakapungua kwa asilimia 41, sawa na Norwe kwa namba ingawa kilichopimwa hakifanani. Vijana wa Lagos hawachezi kwenye mazulia. Wanacheza kwenye vumbi kama letu.

Kasoro moja ya 11+ ya kawaida ni kwamba haina zoezi zito la nyama za ndani ya paja. Kwa hiyo kocha wangu mpendwa, usichague. Fanya ile, halafu ongeza hili la Copenhagen.

Na nyama za ndani peke yake hazitoshi. Nyonga ni kama timu, ukiwa na winga mmoja tu mashambulizi yote yanaegemea upande mmoja. Makalio na ubavu wa nyonga ndivyo vinavyokuzuia usiyumbe ukisimama kwa mguu mmoja, na mpira wa miguu, ukiutazama vizuri, ni mchezo wa kusimama kwa mguu mmoja. Hapa ndipo Ifakara tuna utajiri wa ajabu. Klabu kubwa zinanunua mikanda ya mpira ya rangi rangi kutoka nje. Sisi tuna mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ule ule tunaofungia mizigo kwenye keria. Kata kipande, funga duara, vaa juu ya magoti, chuchumaa nusu, tembea kikaa hatua kumi kulia, kumi kushoto. Kisha lala chali, kunja magoti, nyanyua kiuno juu, kaa hapo. Ukizoea, fanya kwa mguu mmoja. Hakuna fundi baiskeli mjini hapa atakayekunyima kipande cha mpira mbovu.

Kinachonishangaza ni kwamba bonde hili, kuliko sehemu nyingi duniani, lilishajifunza somo la kinga. Ifakara inajulikana kwa wanasayansi wa malaria tangu miaka ya 1950, maabara ya Waswisi ilipoanzishwa, ile iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Kilombero na Ulanga kulikuwa na mradi wa vyandarua vyenye dawa, wenye umri mkubwa wanaikumbuka nembo ya Zuia Mbu. Mwaka 2001 matokeo yakachapishwa: kulala kwenye chandarua chenye dawa kuliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Dunia nzima ikaja kujifunza kwetu. Chandarua hakikuwa muujiza, ni kitambaa na dawa. Siri ilikuwa kukitundika kila usiku kabla mbu hajauma.

Bibi zetu walielewa hilo. Makocha wetu bado wanasubiri mbu aume.

Niwatendee haki makocha. Nimezungumza nao wengi na wana hoja. Wanasema wachezaji wanakuja mazoezini wamechelewa kwa sababu ya kazi, jua linazama, dakika 60 ndizo zilizopo na kila mtu anataka kucheza mechi. Ni kweli. Ukimwambia bodaboda aliyeacha abiria ili aje mazoezini kwamba alale chini abane mpira, kesho haji. Wanasema pia kwamba kamati ya timu inawapima kwa ushindi wa Jumapili, haiwapimi kwa nani yuko mzima Septemba. Hilo nalo ni kweli, na ndilo lenye uzito zaidi kwangu, kwa sababu kamati ndiyo yenye hela.

Na kamati hela inazo, tusidanganyane. Timu ya mtaani ikiingia nusu fainali ya kombe la diwani, michango inapatikana. Inapatikana ya jezi, ya usafiri, ya kumkodi straika kutoka Morogoro mjini, na ile nyingine ambayo haiandikwi kwenye daftari, ya kamati ya ufundi. Wanaojua wanajua. Kuku analipiwa, uwanja unaingiliwa kwa mlango wa nyuma, lakini wa kusimamia dakika 20 za kupasha misuli hakuna. Ningependa siku moja niandike habari ya timu iliyologa nyonga za wachezaji wake kwa kuziimarisha.

Hoja ambayo siikubali ni ile ya kipaji. Kwamba mpira wa mchangani ni kipaji cha Mungu, haya mambo ya kisayansi yanaua ladha. Rafiki yangu, ladha ya nini? Ladha ya dogo wa miaka 20 kushindwa kuvaa suruali amesimama? Kipaji bila nyonga kinacheza misimu mitatu. Ukitaka mchezaji wa bonde hili aonekane na timu za Morogoro na Dar es Salaam, anatakiwa akae kwenye ushindani misimu mitano, sita, awe anaonekana kila wiki. Skauti hawezi kumwona mtu aliye kwenye kijiwe cha bodaboda.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na nalipeleka kwa waandaaji wa mashindano kabla ya makocha. Wanaoandaa kombe, awe diwani, mbunge au mfanyabiashara wa mchele, waweke kanuni moja: timu iwe uwanjani dakika 30 kabla ya mechi, na ipashe misuli kwa mpangilio unaoeleweka mbele ya kamisaa. Tunaweka kanuni za jezi na za leseni, hii inatushinda nini? Pili, chama cha soka cha wilaya kikae na watu wa hospitali na wa taasisi, wale wanaofundisha wahudumu wa afya hapa hapa mjini, wawape makocha somo la siku moja la kumtambua mchezaji mwenye kinena kibovu. Kuna kipimo cha kitoto: mlaze chali, weka ngumi katikati ya magoti yake, mwambie abane. Akikunja uso, huyo Jumapili asicheze. Tatu, kila timu imtafute mtu mmoja, hata nesi mstaafu, na kwa timu za wasichana awe mwanamke, ambaye mchezaji anaweza kumwambia sehemu inapouma bila kuchekwa.

Wachezaji nao wasisubiri kikao. Wewe uliye juu ya pikipiki sasa hivi unasoma gazeti la abiria, shuka. Kila ukiwa kijiweni huna mteja, simama, tembea, nyoosha nyonga ya mbele kwa kupiga goti moja chini. Usiku kabla ya kulala bana mpira. Kama unauma kidogo, endelea taratibu. Kama unauma kwa kuchoma, acha, tafuta mtu akuone.

Makombe mengi ya huku yanaanza mpunga ukishavunwa, watu wakiwa na hela mfukoni, kuanzia Juni na Julai. Zile wiki nane za maandalizi zinaangukia Aprili na Mei, Lumemo imejaa na nusu ya viwanja imekuwa madimbwi ya kambale. Kila mwaka makocha wanaichukua hiyo kama likizo. Lakini kubana mpira hakuhitaji uwanja, na Copenhagen inahitaji mkeka na rafiki. Darasa la shule ya msingi likitolewa madawati jioni linaingiza wachezaji 20.

Walimu wakuu waombwe funguo mapema.